Kama Uso Unawaka, Acha Kuusugua: Rosasea na Hizi Dawa Kali za Ngozi

Naenda moja kwa moja. Kama mashavu na pua vinawaka kila ukinywa chai ya moto au ukitoka juani, alafu kuna vipele vidogo vidogo umevitibu kama chunusi mwaka mzima na haviendi, tena kila ukipaka krimu mpya uso unachoma, basi yawezekana hiyo si chunusi kabisa. Inaitwa rosasea. Na kama ni yenyewe, zile skrabu, asidi, stimu na mikrimu ya kung'arisha unayouziwa mjini ndio zinakuunguza, hata kama muuzaji anakuapia kwamba ni ya mitishamba mitupu.

Hapa Uganda wengi hawajawahi kulisikia hilo jina, na waliolisikia wanadhani ni ugonjwa wa wazungu, maana picha zote ukitafuta mtandaoni zinaonyesha mzungu mwenye mashavu mekundu. Ni kweli weupe ndio wanaopata zaidi lakini ngozi nyeusi nayo inapata, shida ni kwamba kwetu wekundu unajificha kwa hiyo mtu anakaa miaka anaambiwa ana chunusi, ana mzio, ana damu chafu, sijui ana nini. Mi nafanya kazi ya saluni Kampala, si daktari, sikuandikii dawa. Nachokuambia ni nini cha kuutoa kwenye uso wako, nini cha kubaki nacho, na mlango gani wa kwenda kugonga.

Utajuaje kama ni yenyewe

Kwenye ngozi nyeusi usitafute wekundu, tafuta joto. Weka mgongo wa mkono shavuni alafu uweke shingoni, kama shavu lina moto kuliko shingo na hujakimbia wala hujatoka jikoni, hiyo ni alama. Rangi yenyewe kwetu inakuja kama kahawia iliyokolea, au zambarau fulani hivi, mtu anafikiri ni jua limemchoma. Piga picha asubuhi uso ukiwa umepoa, alafu nyingine jioni baada ya joto, dirisha lile lile, taa isiwake, linganisha. Au chukua glasi safi ya kunywea maji, bonyeza taratibu upande wake kwenye shavu ukiangalia kwenye kioo: kama rangi inafifia pale ulipobonyeza na inarudi ukiachia, ni damu imejaa kwenye mishipa ya pale, sio doa.

Angalia pia mahali. Rosasea inapenda katikati ya uso, mashavu, pua, kidevu, paji. Vipele vyake havina zile chembe nyeusi za mafuta unazoziona kwenye chunusi za vijana. Mara nyingi inaanza mtu akishapita miaka 30, kwa hiyo ukiona "chunusi" zimekuja ukiwa na miaka 38 na hukuwahi kuwa nazo shuleni, jiulize. Na ile kuchoma: losheni ya kawaida kabisa ambayo dada yako anapaka bila shida, wewe inakuuma kama umepaka pilipili. Hiyo ni ngozi inakwambia kitu.

Sasa kuna magonjwa mengine yanayofanana na hii na moja lisikupite: lupasi. Nayo inaleta alama mashavuni na inachukia jua, lakini mtu wa lupasi anakuwa pia na maumivu ya viungo, uchovu usioisha, vidonda mdomoni, nywele zinanyonyoka. Ukiwa na hizo usikae saluni unabishana na mimi kuhusu krimu, nenda hospitali wakupime damu. Kuna pia ile ya magamba magamba pembeni ya pua na kwenye nyusi, ni tatizo lake lenyewe na ina dawa zake. Mtu anaweza pia kuwa na chunusi na rosasea kwa pamoja, ndiyo maana nasema daktari ndiye wa kukata shauri.

Kwa nini kusugua kunazidisha

Watu wanaamini uso wenye vipele ni uso mchafu. Hapo ndipo makosa yote yanapoanzia. Rosasea haitoki kwenye uchafu. Kinga ya ngozi inafanya kazi kupita kiasi, mishipa ya damu inatanuka haraka na inachelewa kurudi, neva za uso zinashtuka kwa kitu kidogo, na lile tabaka la juu linalozuia maji yasitoke na uchafu usiingie limekuwa dhaifu. Kuna pia wadudu wadogo sana wasioonekana kwa macho wanaitwa demodeksi, karibu kila mtu mzima anao usoni, ila wenye rosasea wanakuwa nao wengi zaidi. Kwa kusugua huwatoi, wanakaa ndani ya vishimo vya vinyweleo.

Kwa hiyo wewe una ukuta mbovu, alafu unachukua skrabu ya sukari au ya mbegu zilizosagwa unaukwangua. Siku hiyo uso unang'aa, kesho unawaka, kesho kutwa vipele vimeongezeka. Unasema "dawa inatoa uchafu". Hapana nyabo, hakuna uchafu unaotoka, ni ngozi inaungua.

Na kwetu watu weusi kuna hatua ya pili ambayo mzungu hana sana. Ngozi nyeusi ikiumia inaacha doa jeusi, na hilo doa linakaa miezi. Mtu anaona madoa, anaenda kutafuta cha kuondoa madoa, anapewa krimu ya kung'arisha, krimu inachoma, inaleta vipele vipya, vipele vinaleta madoa mapya, anaongeza krimu kali zaidi. Nimeona wanawake wamezunguka kwenye hicho kinu miaka mitano na hakuna hata mmoja aliyewaambia waache kila kitu kwa mwezi mmoja tu waone.

Krimu za steroidi, soma hapa pole pole

Steroidi za kupaka ni dawa halali. Daktari anaweza kukupa kwa ukurutu wa mkononi na ikakusaidia vizuri. Usoni ndipo zinapoharibu, maana ngozi ya uso ni nyembamba na inazifyonza haraka, na kwa mwenye rosasea ni balaa juu ya balaa. Majina ya kuangalia kwenye boksi ni klobetasoli, betamethasoni, fluosinonidi, mometasoni. Na ile tyubu ya mchanganyiko ambayo kila nyumba inayo, wanayosema inatibu fangasi na bakteria na muwasho vyote kwa pamoja, geuza usome nyuma, mara nyingi betamethasoni imo ndani. Hizi dawa zinatakiwa zitoke kwa karatasi ya daktari lakini we unajua na mimi najua, unaingia duka la vipodozi unatoka nazo kwenye kaveera, yaani mfuko wa plastiki, bila mtu kukuuliza swali.

Shida yake ni kwamba mwanzoni inafanya kazi. Siku chache tu joto linaisha, vipele vinakauka, uso unateleza, wifi anakuuliza unatumia nini. Steroidi inabana mishipa ya damu na kuinyamazisha kinga ya ngozi, basi, haijatibu kitu. Chini chini ngozi inazidi kuwa nyembamba, mishipa midogo inatanuka mpaka unaanza kuiona kama nyuzi, demodeksi wanazaana bila wa kuwazuia. Siku umekosa krimu, au umesafiri kijijini umeisahau, uso unalipuka kuliko ulivyokuwa mwanzo, unavimba, unawasha, unatoa vipele vyenye usaha. Unapaka tena unatulia. Hapo ndio umeshanaswa. Na kuna watu hawakuwa na rosasea kabisa, wameitengeneza wenyewe kwa hiyo krimu, madaktari wanaijua vizuri na wanaiita rosasea ya steroidi.

Ukijikuta uko hapo usianze kubahatisha nyumbani, hasa kama umepaka ile kali kwa miezi mingi. Daktari wa ngozi atapanga namna ya kukutoa, wengine wanaachishwa mara moja wakipewa vidonge vya kushusha moto, wengine wanashushwa polepole kwa dawa nyepesi. Jiandae kisaikolojia maana uso utaharibika kwanza kabla ya kupona, wiki kadhaa, kwa wengine miezi, na hapo ndipo wengi wanarudi kwenye tyubu. Mwambie mumeo na watu wa kazini mapema wasikutishe.

Alafu kuna mikorogo, yale makopo yasiyo na lebo ambayo mtu anachanganya mwenyewe nyuma ya duka. Humo huwezi kujua kuna nini. Haidrokwinoni inaweza kuwemo, ukitumia muda mrefu inaweza kukuachia weusi wa kibuluu usiotoka kirahisi. Zebaki inaweza kuwemo, saa zingine kwenye lebo inajificha kwa jina la kalomeli, na hiyo haiharibu ngozi peke yake, inaenda kwenye figo na neva na inamfikia mtoto tumboni. UNBS, shirika la viwango la Uganda, wamekataza vipodozi vyenye hivyo vitu viwili, lakini kukatazwa na kutoweka sokoni ni mambo mawili tofauti. Kanuni yangu mimi ni hii: kopo lisilo na orodha ya vilivyomo haligusi uso, hata likitoka Ulaya, hata likiwa zawadi ya shangazi.

Vingine vya kutupa

Mafuta na tona zenye spiriti, mentholi, kafuri au mkaratusi. Vinapoza kwa dakika mbili alafu vinawasha moto. Usidanganywe na ubaridi, ubaridi sio dalili ya kupona.

Manukato. Sabuni inayonukia ua, losheni inayonukia tunda, vyote pembeni. Marashi jipulizie nguoni sio shingoni.

Asidi za kuchubua kama glikoliki, na retinoli, na benzoili peroksaidi. Hivi kwa mwenye chunusi za kweli vinaweza kuwa sawa, ndio maana rafiki yako anavisifia. Kwako wewe ukiwa kwenye moto usiviguse. Baadaye sana ngozi ikitulia daktari anaweza kukuruhusu kimojawapo kwa kiasi kidogo, lakini sio wewe kujiamulia kwa sababu umeona video.

Kujifukiza. Najua tangu korona watu wengi wamebaki na hii tabia ya sufuria la majani na blanketi kichwani, na kuna saluni zinakuwekea mashine ya mvuke dakika ishirini "kufungua vishimo". Mvuke wa moto kwenye uso wa rosasea unafungulia mishipa ya damu yote kwa mara moja. Kama una mafua tafuta njia nyingine.

Limau. Limau na magadi. Dawa ya meno juu ya kipele. Kila baada ya muda mtu anaibuka na mchanganyiko mpya wa jikoni. Limau ni asidi kali na magadi ni kinyume chake, ngozi iko katikati inaumia kotekote, na limau likibaki usoni ukatoka juani linaweza kukuachia alama za kuungua. Manjano na liwa ambavyo bibi zetu wanapaka maharusi, sivisemi vibaya kwa ngozi nzima, ila kwako ile kusugua wakati wa kutoa ndiyo itakuumiza.

Sasa cha kufanya: pumzisha uso mwezi mmoja

Hii ndiyo sehemu watu wanaona haina maana kwa sababu haina kitu cha kununua, au karibu haina. Kwa wiki nne unakuwa na vitu vitatu tu: cha kuoshea, cha kulainisha, cha kuzuia jua. Hakuna cha nne. (Kama uko kwenye steroidi, anzia kwa daktari kama nilivyosema juu.)

Kuosha ni asubuhi na jioni, maji ya uvuguvugu au ya kawaida ya bombani, kamwe sio ya moto. Vidole tu, hakuna kitambaa, hakuna sponji, na ile nyavu tunayosugulia mgongo ikae mbali na shingo kwenda juu. Sabuni ya mche tunayofulia nguo watu wengi wanaogea pia, na zile za dawa zenye harufu ya hospitali, zote ni kali mno. Ngozi yako ina pH (kipimo cha uasidi) karibu 5, sabuni ya kipande ya kawaida inaenda 9 mpaka 10, kwa hiyo kila ukiosha unavua kile kinga kidogo kilichobaki. Tafuta cha kuoshea kisicho na sabuni na kisicho na harufu, kwenye famasi kubwa vipo. Ukikosa pesa mwezi huo, maji matupu asubuhi yanatosha, jioni tumia kidogo kutoa vumbi. Kausha kwa kubonyeza taulo taratibu, usifute.

Uso ukiwa bado una unyevu unyevu paka cha kulainisha. Hakina haja ya kuwa cha bei. Krimu nyeupe isiyo na harufu yenye glisirini ni nzuri. Watu wa kaskazini, Lango na Acholi, mna moo yaa, mafuta ya shea ya kule ambayo ni malaini kuliko yale ya Afrika Magharibi, na wengi ngozi zao zinayakubali, ila yawe safi, hayajachanganywa na marashi, na upake kidogo sana maana mafuta mazito yakikaa usoni mchana wa joto yanakufanya ujisikie unapikwa. Sio kila mtu atapatana nayo.

Kabla ya kupaka kitu chochote kipya uso mzima, kijaribu kwanza. Paka kidogo pembeni ya shingo au chini ya taya, usiku, siku tatu nne mfululizo. Pakichoma au pakiwasha, mpe mtu mwingine hiyo chupa. Na ukiongeza, ongeza kitu kimoja, subiri wiki mbili, ndio uongeze kingine, la sivyo uso ukilipuka hutajua umshtaki nani.

Jua. Tuko kwenye ikweta na Kampala iko juu mita kama 1,200, jua la hapa saa sita mchana sio la mchezo hata kukiwa na mawingu. Jua ni moja ya vichokozi vikubwa kabisa vya rosasea na pia ndilo linalokaza yale madoa meusi. Sanskrini, yaani krimu ya kuzuia jua, ya SPF 30 (namba ya nguvu ya kuzuia jua) au zaidi, kila siku, na chagua ile yenye zinki oksaidi au titani dioksaidi, hizo hazichomi kama zile nyingine. Ubaya wake zinatuachia weupe kama tumepakwa unga. Tafuta yenye rangi ya kahawia, ile rangi inatokana na madini ya chuma na kwa madoa inasaidia zaidi. Kipimo: mistari miwili kwenye vidole viwili, uso na shingo. Kama huna pesa ya sanskrini, kofia pana na mwavuli ni sanskrini za bure, na usione aibu, wamama wa sokoni wana akili kuliko sisi kwa hili. Kwenye boda funga skafu nyepesi usoni, upepo na vumbi navyo vinachokoza.

Jikoni ndio nimeona wanawake wengi wanaumia bila kujua. Sigiri imewaka, umeiinamia unakoroga posho, mvuke na joto la makaa vyote usoni nusu saa. Toa sigiri nje kwenye hewa, simama pembeni, tumia mwiko mrefu, weka kitambaa chenye maji baridi karibu ujifute kwa kubonyeza. Barafu moja kwa moja kwenye ngozi usiweke.

Chakula kila mtu na chake. Pilipili ni mshukiwa wa kwanza, pombe ya pili, na waragi kwa hili ni adui. Andika kwa wiki mbili tatu ulichokula na uso ulifanyaje, utaona mwenyewe, usikate kila kitu kwa kuogopa. Chai shida yake kubwa ni moto, iache ipoe. Tangawizi nyingi punguza uone. Na kahawa, habari njema kwa nchi inayolima kahawa: utafiti wa Marekani uliotoka 2018 uliofuatilia wanawake zaidi ya 80,000 uliona wanaokunywa kahawa yenye kafeini ndio walipata rosasea kidogo kuliko wasiokunywa. Haimaanishi kahawa ni dawa, inamaanisha usiiache bure. Inywe ikiwa vuguvugu.

Ukija saluni, au kwa kinyozi

Mwambie mhudumu kabla hajafungua kopo. Sema tu: "Ngozi yangu inawaka, sitaki skrabu, sitaki stimu, sitaki kukamuliwa vipele, sitaki kitu chenye harufu." Kama anakubishia au anakwambia amewatibu wengi kama wewe, ondoka, pesa yako na uso wako. Kukamua ndiyo mbaya zaidi, inaacha mashimo na madoa. Nyuzi za kuchonga nyusi zinavumilika kwa wengi, nta ya moto hapana. Kwenye draya omba wakugeuzie joto chini na uso uwe na nafasi.

Wanaume mnadhani hii haiwahusu. Banange, vinyozi wa siku hizi Kampala ukimaliza kunyolewa unapigwa taulo la moto, alafu skrabu, alafu masaji ya mentholi, alafu spiriti kidevuni mpaka machozi yanatoka, na unalipa zaidi kwa hayo mateso. Mwenye rosasea akate nywele, aoshwe kwa maji, aende nyumbani. Spiriti inafaa kwa mashine, kinyozi asafishe mashine yake nayo, isije usoni kwako. Na kuna hili la pua. Kwa wanaume zaidi, rosasea ikikaa miaka bila matibabu pua inaweza kunenepa na kuwa na matuta matuta, na mtaani mzee wa hivyo anaitwa mlevi. Pombe inaweza kuchokoza, lakini kuna wazee wana pua hiyo na hawajawahi kuonja hata tone. Ikianza kunenepa muone daktari mapema, ikishakuwa kubwa inahitaji upasuaji.

Dawa zenyewe

Daktari wa ngozi utampata hospitali ya Mulago hapa Kampala, Mbarara nako wanafundisha madaktari wa ngozi, na kuna kliniki binafsi. Nenda na ile mikrimu yako yote ndani ya mfuko, hata ile unayoona aibu kuionyesha, hasa hiyo.

Dawa atakazotaja zinaweza kukushangaza kwa sababu majina unayajua. Metronidazoli, ile ile ya tumbo, kwa rosasea inakuja kama jeli ya kupaka ya 0.75%. Aivamektini, ile ambayo watu wa kando ya mito wanapewa bure kwa ajili ya upofu wa mto, kuna krimu yake ya 1% inayopunguza demodeksi na kushusha uvimbe. Tafadhali usiende kumeza vidonge vyake mwenyewe wala kupaka ile ya ng'ombe. Asidi ya azelaiki ya 15%, hii kwetu weusi naipenda kwa sababu inatibu vipele na pia inafifisha madoa bila kuchubua ngozi, na madaktari huwa wanaiona salama kwa mjamzito, ila mwanzoni inatekenya kidogo. Vipele vikiwa vingi kuna doksisaiklini ya kumeza kwa dozi ndogo, mjamzito na mtoto mdogo hawapewi.

Zote ni za polepole. Hesabu wiki 8 mpaka 12 kabla ya kusema haifanyi kazi. Hapo ndipo wale wa krimu za siku tatu wanapotushinda, wao wanauza haraka. Na rosasea haiponi moja kwa moja, inatulia, unaweza kukaa muda mrefu uko sawa alafu siku moja ya jua na stresi ikarudi, unarudi kwenye vitu vyako vitatu.

Leza na ile mashine ya mwanga, kama utashauriwa, uliza swali moja: umewahi kufanyia ngozi nyeusi kama yangu? Mwanga wa mashine nyingi unachanganya rangi ya ngozi yetu na kile unachokitafuta, unaunguza na kuacha mabaka. Kuna aina za leza zilizo salama zaidi kwetu lakini inategemea nani ameishika. Na kuchubua kwa asidi nzito kliniki, au kukwangua kwa mashine, kwa rosasea iliyowaka kataa.

Mwisho, macho. Watu hawajui kabisa kwamba rosasea inaingia machoni, na kwa wengine inaanzia huko kabla ya ngozi. Unahisi mchanga machoni, yanachoma, yanakauka au yanatoa machozi bila sababu, kope zinavimba pembeni, unapata chokea mara kwa mara. Kitambaa safi cha maji ya vuguvugu juu ya kope zilizofungwa dakika chache na kusafisha mizizi ya kope kwa upole kunasaidia wengi, na hapo nasema vuguvugu, sio moto. Matone ya macho ya steroidi usinunue mwenyewe. Jicho likianza kuuma kweli, au mwanga unakuumiza, au unaona ukungu, usisubiri Jumatatu wala usimalizie hiyo wiki nne, nenda kwa daktari wa macho siku hiyo hiyo na umtajie kwamba una rosasea usoni, maana asipojua anaweza kukutibu kama mzio wa vumbi.